Jina Ubavuni mwa Ndege 391

Bemidji, Minnesota
2 Juni 2013

Mdogo wangu Wendell,

Niwie radhi kwa kimya changu tangu Pasaka. Sikukosa la kuandika. Nilikosa namna ya kuliandika bila kukutukana, nami niliwafundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba barua ya matusi humdhalilisha aliyeiandika.

Natumaini goti lako lililopasuliwa limepona, na kwamba Renae amejifungua salama. Mwambie binti yako kifurushi cha sweta kiko njiani. Huku barafu imekwisha ziwani na mbu wameanza. Shemeji yako Leonard anaendelea. Mikono yake inatetemeka kuliko mwaka jana. Siku hizi ninamfunga vifungo vya shati mimi, naye wakati huo hutazama dirishani kana kwamba kuna mtu anakuja. Daktari amesema tusipange mambo ya mbali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Renae alinitumia kipande cha gazeti la Pell Creek. Nimesoma kwamba ile ndege 391, iliyoachwa ichakae nyuma ya uwanja wa kikosi cha ndege za kivita, mmeiburuta bandani na mnaipaka rangi upya, na kwamba tarehe 11 Novemba, Siku ya Maveterani, itasimikwa juu ya nguzo penye njia panda ya kuingilia mjini. Nimesoma kwamba msimamizi wa kazi ni wewe. Hongera. Kisha nikasoma kwamba majina yatarudishwa "kama yalivyokuwa": ubavu wa kushoto, chini ya kioo cha rubani, Kapteni Dale Ostrander; na ubavu wa kulia, Sajini Wendell Tollefson, fundi mkuu.

Wendell, ni nani aliyekuwa ndani ya ndege hiyo siku ile ya mwaka 1983 mabata bukini walipoigonga angani?

Ninakuuliza kwa sababu wewe ulikuwepo. Wewe ndiye uliyepanda ngazi ukamtoa mume wangu, uso umejaa damu na manyoya, kioo kimevunjika mbele yake. Aliitua ndege ile akiona kwa jicho moja. Akaja mpiga picha wa gazeti, akasoma jina lililoandikwa ubavuni, na kesho yake mji mzima ukaambiwa kwamba shujaa ni Ostrander. Masahihisho yalitoka wiki iliyofuata, ukurasa wa ndani, chini ya bei za nguruwe. Oktoba ya mwaka uleule Dale akafa katika ajali nyingine, Mungu amrehemu, na mji ukayashona mambo hayo mawili kuwa hadithi moja. Mpaka leo shule ya sekondari inatoa Tuzo ya Ostrander, na kwenye cheti kuna picha ya bata bukini.

Nataka jina la Leonard Haugen lichorwe mahali hapo akiwa bado anaweza kusimama na kulisoma. Nijibu kwa ufupi.

Dada yako,
Ardith


Pell Creek, Iowa
23 Juni 2013

Dada Ardith,

Salamu kwako na kwa shemeji. Goti linakunjika, ila likikunjika linalia kama mlango wa ghala. Renae amepata mtoto wa kike, Josie, mwenye sauti ya king'ora. Sweta limefika, litamtosha akiingia darasa la pili. Mahindi yamechelewa kwa sababu ya mvua.

Umetaka jibu fupi. Jibu fupi ni hapana. Refu ni hili.

Umeolewa na rubani miaka arobaini na mitano, na bado unadhani jina ubavuni mwa ndege ni hati ya shamba. Mwalimu mzima! Jina lile halimaanishi kwamba huyu ndiye anayeirusha. Ni heshima tu ambayo kikosi humpa mtu. Asubuhi ratiba ndiyo inayosema nani anapanda ipi. Leonard jina lake lilikuwa kwenye 388, Dale kwenye 391, na kila mmoja alipanda yoyote aliyopangiwa. Jina lenye kazi ni lile la kulia, la fundi, maana ndege ni ya fundi. Rubani anaiazima, na anairudisha chafu. Tulikuwa tukiwaambia hivyo usoni, wanacheka, wanatununulia bia.

Siku ya bukini kwenye 391 paliandikwa Ostrander. Nikichora Haugen, nimechora kitu ambacho hakikuwepo. Kesho atakuja mwingine aniambie, "Wendell, baba yangu naye aliirusha 391 Alhamisi moja, mwongeze." Nitaandika mpaka mkiani.

Tulipokwangua rangi ya juu, jina la Dale lilitokea chini yake, limefifia lakini lipo lote. Marlys, mjane wake, hutuletea kahawa bandani. Siku ile aliweka kikombe chini akalipitishia kidole, herufi moja moja, kisha akauliza nani anataka sukari. Sikuandikii haya ili ulie. Ninakuandikia ujue kuna mtu mwingine upande huu.

Kama hutaki kunisikiliza mimi, muulize Leonard.

Ndugu yako,
Wendell


Bemidji
7 Julai 2013

Mdogo wangu Wendell,

Nimefurahi kumsikia Josie. Sweta nilifuma kubwa kwa makusudi. Watoto hukua, tofauti na watu wazima fulani. Leonard alianguka bafuni juzi, hakuvunjika kitu. Nimemwekea vyuma vya kushikia ukutani.

Leonard simuulizi. Hajui kwamba tunaandikiana juu ya jambo hili, wala sitaki ajue. Mtu mwenye staha hajiombei sifa. Kwa hiyo ninamwombea mimi, kwa ndugu yangu wa tumbo moja, na ndugu yangu ananipa somo la desturi.

Nami ninakujua, Wendell. Tusidanganyane. Baada ya mwaka ule Leonard aliruka miaka sita mingine katika kikosi hicho. Marubani wote waliandikwa majina, hata yule kijana wa Dubuque aliyepasua magurudumu mara mbili. Wewe ndiye uliyekuwa mkuu wa mafundi, rangi ikiwa mkononi mwako. Kila mwaka, Siku ya Familia, nilizunguka uwanja ule jua kali nikiwa na watoto wawili, tukisoma ubavu mmoja baada ya mwingine, wakitafuta jina la baba yao. Hawakuliona. Mdogo alinishika sketi akaniuliza, "Mama, kwani baba kafukuzwa?" Nilimwambia rangi imekwisha. Usiku ule nililala nikijua rangi haikwisha. Ulikuwa wivu. Yeye afisa, wewe sajini, na kwenye chakula cha Sikukuu ya Shukrani baba alimpa yeye kisu cha kukatia bata mzinga.

Sikulisema miaka yote hiyo kwa ajili ya mama. Mama hayupo tena.

Na usiniletee habari za kidole cha Marlys. Kidole hicho kingeandika masahihisho kwenye gazeti tangu mwaka 1983. Wala usinitajie 388. Ni mimi niliyepigiwa simu siku ile kuambiwa kwamba ndege yenye jina la mume wangu imeanguka Nebraska. Mpaka simu ya pili ilipokuja kusema aliyekuwa ndani ni Dale, mimi nilikuwa mjane. Sitalizungumza, na wewe usilizungumze.

Nipe sababu. Desturi nimeisikia. Usiponijibu kufikia mwisho wa mwezi huu nitamwandikia mwenyekiti wa kamati ya mji inayoisimika ndege hiyo. Naona hukupata taabu yoyote kulichora jina lako mwenyewe.

Ardith


Bemidji
12 Agosti 2013

Wendell,

Sijapata jibu. Renae aliniambia kwa simu kwamba hujambo na ulikwenda kuvua samaki. Nimemwandikia mwenyekiti, Roger Buchholz, nikaambatanisha yale masahihisho ya gazeti niliyoyahifadhi. Nilipaswa kukuarifu, na nimekuarifu.

A. Haugen


Pell Creek
8 Septemba 2013

Kwa Mwalimu Mkuu,

Wote hapa ni wazima. Josie ana jino. Sikujibu barua yako ya Julai kwa kuwa kila nilipoanza kuijibu niliandika jambo ambalo si langu kuliandika. Kwa hiyo nilikwenda kuvua samaki.

Umeshinda. Hebu nikueleze ulivyoshinda, usije ukaambiwa na watu.

Kamati ilikutana Jumanne katika chumba cha chini cha kanisa. Buchholz, wewe unamjua, muuza mbegu, akasoma barua yako yote kwa sauti, na vituo vyako vyote. Alipomaliza akavua miwani. "Jamani, mama huyu anaandika kama hakimu. Wendell, ni kweli Haugen ndiye aliyeirusha?"

"Ni kweli," nikasema. "Hakuna aliyewahi kubisha bandani."

"Basi tatizo nini?"

"Tatizo jina halisemi nani aliirusha."

"Sasa linasema nini? Wendell, mimi nikiandika Buchholz kwenye gunia, ndani kuna mbegu za Buchholz."

Wakacheka wote. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Waliniangalia kama ng'ombe anavyoangalia treni. Yule wa benki akasema, "Mzee, watu wanaopita na magari hawatajua desturi zenu. Watasoma jina, basi."

Marlys alikuwa ameketi nyuma karibu na birika. Akainuka. Ana miaka sabini na sita, ila bado akisimama watu wananyamaza. Akasema, "Mpeni Ardith anachotaka. Mimi nimewaambia watu wa mji huu tangu mwaka ule kwamba hakuwa Dale. Nilimwambia mkuu wa shule. Nilimwambia mchungaji. Mnajua mlinijibu nini? 'Unyenyekevu wako tu huo, Marlys.' Wewe Roger ndiye uliyenijibu hivyo, mbele ya mkeo."

Buchholz akawa mwekundu kama nyanya. "Marlys, mimi nilikuwa na nia njema."

"Najua. Wote mlikuwa na nia njema. Ndiyo maana nikachoka."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Wakapiga kura. Haugen. Umeelewa? Yule uliyesema hakuandika masahihisho ndiye aliyekupigia debe.

Kesho yake nikaenda bandani mapema. Nikachukua kikwangulio nikaanza upande wa kulia, nikaliondoa jina langu lote mpaka bati likaonekana. Kisha nikamrudishia Buchholz funguo. Nimemwambia ndege hiyo sasa haina fundi. Watakodi mchora mabango, yule aliyechora trekta kwenye duka la Barabara Kuu ya 18, lile trekta lenye magurudumu kama mayai. Yeye ndiye atakayelifunika jina la Dale na kuandika la mumeo.

Kuhusu wivu, sikujibu. Kuhusu miaka ile sita, nilimwahidi mtu, na ahadi ile haijaisha.

Wendell


Bemidji
20 Septemba 2013

Wendell,

Nimepokea barua yako. Majani yameanza kubadilika rangi. Leonard amepunguza kula.

Sikuomba ulifute jina lako. Hiyo ni hasira ya mtoto anayemwaga maziwa kwa sababu kaka yake kapewa glasi kubwa. Unataka niende pale Novemba, niuone ubavu mtupu, na mji mzima uninyooshee kidole kwamba nimemfukuza ndugu yangu. Sitakubali kufanywa hivyo.

Kuhusu Marlys nilikosea, na nimemwandikia kumwambia hivyo. Hilo limekwisha. La kwako halijakwisha. Unasema ulimwahidi mtu. Uliahidi nini, na ni nani huyo anayekuagiza uwanyime watoto wangu jina la baba yao?

Jibu swali kama lilivyoulizwa.

Ardith


Pell Creek
29 Septemba 2013

Ardith,

Wote ni wazima. Tunavuna.

Nilikwambia tangu Juni. Muulize Leonard.

W.


Bemidji
17 Oktoba 2013

Mdogo wangu Wendell,

Natumaini mavuno yamekwenda vizuri kabla ya baridi. Hapa theluji ya kwanza ilianguka Jumatatu ikayeyuka mchana. Watoto walipiga simu. Josie nimemwona kwenye picha, amefanana na mama, masikini.

Sikumuuliza Leonard. Yeye ndiye aliyeniuliza. Juma lililopita Buchholz alituma barua ya pongezi, na badala ya kuniandikia mimi, akamwandikia yeye. Nilikuwa dukani. Niliporudi nilimkuta mezani, barua iko mbele yake, ameulaza mkono wake wa kulia juu yake ili usitetemeke.

"Ardith," akasema, "ni nani aliyewaomba watu hawa?"

"Mimi."

"Na Wendell alisema nini?"

"Wendell alisema hapana. Unamjua Wendell. Miaka sita hukuwa na jina hata kwenye ndege moja kwa sababu yake."

Akanitazama, Wendell. Hajanitazama hivyo tangu tuoane.

"Kwa sababu yake?" akasema. "Wee Ardith! Mimi nilimkataza."

Nikakaa. Akaniambia taratibu, kwa kuwa siku hizi maneno humtoka taratibu. Alisema kwamba ni yeye aliyetumwa Nebraska kuyatambua mabaki. Kwamba kilichobaki kizima kilikuwa kipande cha ubavu, urefu wa meza yetu, na juu yake jina lake halikuchubuka hata herufi moja. Askari kijana aliyekuwa akilinda pale akamwambia, "Pole, Kapteni, huyu Haugen ulikuwa unamfahamu?" Aliporudi alikuja moja kwa moja bandani kwako, ukiwa tayari umekata herufi za jina lake kwa ajili ya ndege mpya. Akakwambia uzitupe. Akakwambia hataki jina lake liandikwe tena kwenye ndege yoyote ambayo mtu mwingine anaweza kuipanda, na kwamba mimi nisiambiwe, kwa kuwa mimi tayari nilikuwa na simu ile ya kubeba.

"Mafundi wenzake Wendell walimsema," akaniambia. "Walimwambia ana chuki na shemeji yake. Yeye akawaambia ndiyo, rubani gani yule, hastahili rangi. Alilisema hivyo mbele yangu, tena kwa sauti, ili waache kuuliza. Nilimnunulia bia jioni ile. Hakuinywa."

Nikamwambia kamati imekwisha kupiga kura, jina litachorwa, ni heshima, na mara hii hakuna atakayeipanda ndege hiyo, itakuwa juu ya nguzo.

"Atalichora nani?"

"Mchora mabango."

"Si Wendell?"

"Si Wendell. Wendell amefuta hata la kwake."

Akakunja barua ya Buchholz, na unajua kukunja karatasi kunamchukua muda gani sasa. "Dale hana kaburi lenye kitu ndani, Ardith. Umesahau tulizika nini? Alichobakiwa nacho ni jina lile ubavuni." Akaomba supu, akaila yote.

Sasa nisikilize, maana sijaja kukuomba radhi kwa machozi. Kuhusu wivu nimekosea, nalifuta. Lakini ulikuwa na mstari mmoja wa kuniandikia mwezi wa Juni, na badala yake ukanijazia kurasa za ratiba na bia. Uliniacha nikuchukie kwa miaka thelathini, ukala kwenye meza yangu kila Krismasi ukijua ninakuchukia, na ukaona hilo ni bora kuliko kuvunja ahadi uliyompa mume wangu. Wewe na yeye mlikaa mkanilinda kama mtoto. Sikuomba kulindwa. Watoto wangu nao hawakuomba. Mwanangu yule aliyenishika sketi sasa ana miaka thelathini na sita, na wiki iliyopita nilimwambia kwa simu. Akasema, "Kumbe mjomba." Ni hayo tu. Sijui kama alikuwa anakusifu au anakulaani, na mimi mwenyewe sijui nifanye lipi.

Buchholz anasema mchora mabango ataanza kazi Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Ombi lilikuwa langu, kwa hiyo kuliondoa ni kazi yangu. Barua ya kuliondoa nimeiandika mara mbili na kuichana mara mbili. Nikiiacha kura ilivyo, mji utajua kwa mara ya kwanza ni nani aliyeiteremsha ndege ile, na watoto wangu watalisoma jina walilolitafuta juani. Nikiliondoa ombi, Leonard atazikwa akiwa yule mume wa mwalimu aliyehamia kaskazini, na kwenye nguzo atasimama Dale akisifiwa kwa kazi ambayo si yake, jambo ambalo hata mkewe amechoka nalo. Hakuna katika hayo mawili lililo sawa. Usinipigie simu kunishauri. Ushauri wako ulikuwa na muda wake, nao umepita.

Leonard amesema twende. Ni mwendo wa siku nzima kwa gari, na daktari amekataa, lakini suti yake ya kijivu ameitoa kabatini mwenyewe akaitundika mlangoni tangu Jumapili. Kila nikipita ninaipangusa vumbi ambalo halipo. Hajaniuliza ni jina gani atakalolikuta. Anadhani nimekwisha kuamua, na anadhani anajua nimeamua nini.

Nikishaamua, nitakuandikia wewe kabla ya Buchholz.

Dada yako,
Ardith